Sifuri za Shangazi

Kufikia saa nne asubuhi, zikiwa zimebaki saa nne kamili kabla ya kikao, Chiriku alikuwa ameiwasha kompyuta ya majaribio mara mia mbili na kumi na moja, na mara zote iliwaka bila kinyongo. Hilo ndilo lililomtia hofu. Mtambo ukikataa mbele ya fundi, fundi hushukuru, maana ameuona ugonjwa. Ukikataa mbele ya wengine na kumtii yeye tu, hapo ana kesi.

Na kesi ilikuwepo kweli, ila haikuwa yake. Ilikuwa ya shangazi yake.

Kompyuta ile iliyokaa mezani, kisanduku cha kijivu chenye skrini ndogo na paneli ya vitufe sita, ilikuwa pacha wa ile ya kituo cha kusukumia maji. Programu ya zote mbili aliiandika Chiriku kwa mkono wake, katika ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la vioo. Wiki iliyopita umeme wa kituo ulikatwa kwa matengenezo, ukarudi asubuhi, na aliyekuwa zamu ni Shangazi. Aliwasha kompyuta, akabonyeza kitufe cha ripoti kama kawaida yake, skrini ikaganda. Akaizima, akaiwasha tena, ikaganda tena. Akarudia mara ya tatu, ikawa vilevile. Pampu zote nne kimya, na tangi la hospitali ya mlimani linashuka.

Kituoni kuna sanduku la chuma lenye swichi za kuendeshea pampu kwa mkono, kwa ajili ya siku kama hiyo. Lina kufuli, na ufunguo hukaa kwa Mhandisi Mkuu. Shangazi alimpigia simu. Mhandisi akamjibu kwamba utaratibu unajulikana: sanduku halifunguliwi mpaka ripoti ya mtambo ifike mezani kwake. Shangazi akamweleza kwamba ripoti hutoka kwenye kompyuta, na kompyuta imeganda. Mhandisi akasema basi asubiri iganduke. Shangazi alisubiri dakika arobaini. Kisha akachukua spana kubwa, akalivunja kufuli, akawasha pampu kwa mkono, akaandika kwenye daftari la zamu saa, dakika na jina lake.

Jioni mwenzake alipoingia zamu, aliiwasha kompyuta ile ile mara moja tu, ikakubali.

Hapo maneno yakaanza. Mara wakasema ana mkono wa mkosi, mara umri umempita, mara mtu wa enzi za magurudumu ya vali hawezi kupewa kompyuta. Barua ikaandikwa yenye makosa mawili, kuharibu mtambo kwa uzembe na kuvunja kufuli la kituo. Kikao saa nane mchana, Jumatano. Alikuwa amebakiza miezi minane astaafu baada ya miaka ishirini na sita, na kila mtu alijua kikao hicho kingemalizika vipi.

Shangazi alikuwa dada wa baba yake Chiriku. Alimchukua akiwa na miaka sita, akamlea katika nyumba ya kituo, na jina la Chiriku alilitoa yeye, kwa sababu mtoto huyo alikuwa akiongea hata usingizini. Kazini walimwita Mama Pampu, naye aliliitikia kama cheo. Hakuwa mtu wa kusubiri. Chai aliinywa ya moto, simu aliikata kabla hujasema kwaheri, na mlango aliufungua hodi ya kwanza haijaisha.

Chiriku alikuwa akiyafikiria hayo, kidole kikiwa kwenye kitufe, ndipo akajiona mjinga. Majaribio yake yote mia mbili na kumi na moja aliyaachia programu ndogo iliyowasha mashine, ikangoja picha itokee, kisha ikabonyeza. Hiyo ni tabia ya mtu mstaarabu. Shangazi hakuwa mstaarabu wa namna hiyo hata kidogo.

Akampigia simu, akamkuta anapiga pasi sare yake.

"Shangazi, nieleze unavyoiwasha. Usiruke kitu."

"Nawasha, nabonyeza ripoti, navuta kiti nakaa. Kuna nini hapo cha kuruka?"

"Unabonyeza wakati gani? Picha ikishatoka?"

"Picha ya nini? Nabonyeza ikikohoa."

Ni kweli mashine zile hukohoa. Ndani yake kuna swichi ndogo ya umeme inayojifunga programu inapoanza kukusanya vipande vyake, nayo hutoa mlio mkavu, ko, kisha huchukua kama sekunde mbili picha kutokea. Chiriku mwenyewe alikuwa hausikii tena. Shangazi ndiye aliyekuwa akiusikia, maana alijifunza kazi kwa mitambo isiyo na skrini, ambayo ukitaka kujua hali yake unaitegea sikio.

Akaaga, na safari hii yeye ndiye aliyekata kwanza. Akawasha kwa mkono. Ko. Akabonyeza. Mashine ikawaka vizuri, alikuwa amechelewa. Akarudia, akachelewa tena. Mara ya tatu alifumba macho akasikiliza tu, na mlio uliposikika kidole kilikuwa kimeshashuka. Alipofumbua macho skrini ilikuwa ya buluu tupu, imeganda kama mafuta ya jana.

Alipiga meza kwa furaha. Furaha hiyo haikufika mbali, kwa sababu sasa ilibidi aangalie ndani aone nani kakwama wapi.

Programu kubwa haibebi vitu vyake vyote mgongoni. Vipande vyake vimepangwa pembeni kama vyombo kabatini, na yuko mtumishi mmoja, kiunganishi, ambaye kazi yake ni kuvileta vinapohitajika na kuviunga pamoja. Ndani ya programu kazi hufanywa na nyuzi kadhaa kwa wakati mmoja, kila uzi na shughuli yake, na nyuzi mbili zikimtuma kiunganishi kwa pamoja atachanganya vyombo. Kwa hiyo ana ufunguo mmoja tu. Uzi ulioushika ndio unaohudumiwa, na mwingine unangoja mlangoni mpaka ufunguo urudishwe.

Chiriku aliziona nyuzi mbili zimesimama. Uzi mkubwa ulikuwa umeshika ufunguo, unaleta kipande cha vipimo. Kipande hicho, kabla hakijakaa sawa, kilikuwa kimezaa uzi mdogo wa kusoma paneli, kisha kikauzuia ule mkubwa: usitoke, usirudishe ufunguo, mpaka huyu mdogo aseme tayari. Uzi mdogo ukatazama paneli, ukakuta kitufe cha ripoti kimeshabonyezwa. Ripoti nayo ni kipande kilichomo kabatini. Ukaenda mlangoni kuomba ufunguo. Basi mkubwa anangoja mdogo aseme tayari, na mdogo anangoja mkubwa arudishe ufunguo. Hakuna aliyekosa adabu, na wangengojana hivyo mpaka kiama.

Mtu akingoja picha ndipo abonyeze, au akichelewa hata kidogo baada ya mlio, ufunguo unakuwa umesharudi na hapati tabu yoyote. Ndiyo maana kwa wengine ilikubali.

Akautafuta mstari ule unaosema ngoja mpaka useme tayari. Ulikuwa na tarehe, wiki tano nyuma, siku ya Jumatatu, na pembeni yake jina la aliyeuandika. Kikulacho ki nguoni mwako. Lilikuwa jina lake.

Akaikumbuka na Jumapili ya kabla yake. Walikuwa wanaosha vyombo nyumbani kwa Shangazi, naye Shangazi akalalamika kwamba kila akiwasha ile kompyuta, vipimo vya tangi huonyesha sifuri kwa kitambo kabla namba hazijaja. Sifuri kila mahali. "Moyo unanidunda, Chiriku. Miaka yangu yote, sifuri kwenye tangi ni mji umekauka." Chiriku akacheka, akamwahidi ataziondoa. Jumatatu akaandika mstari mmoja, ili picha isitokee kabla vipimo havijawa tayari, na sifuri zikaisha. Tangu alipouweka mstari huo kituoni, kompyuta haikuwa imezimwa tena mpaka siku ya matengenezo. Alijisifu kwa kazi hiyo.

Alikaa akiitazama skrini ya buluu mpaka macho yakamwasha. Yeye ndiye aliyemfunga shangazi yake, tena kwa upendo.

Bosi aliingia saa sita akiwa na barua mkononi. Alikuwa mtu mpole mwenye madeni ya usingizi, aliyeianzisha ofisi hiyo kwa kompyuta moja na kiti cha kuazima, na vituo vingine vitatu vya maji vilikuwa vinangoja kusikia matokeo ya kikao kabla ya kusaini mkataba naye. Barua ilisema programu imechunguzwa, haina kasoro, na mgando ulisababishwa na mwendeshaji kubonyeza vitufe nje ya utaratibu. Kilichokosekana ni sahihi ya aliyeiandika programu.

Chiriku akamwonyesha mgando kwa macho yake, akamweleza nyuzi zote mbili na ufunguo. Bosi alisikiliza mpaka mwisho. Akasema vizuri, kasoro imepatikana, wataitengeneza kimyakimya wiki ijayo. Tena barua haisemi uongo, aliongeza, maana mama kweli alibonyeza kabla ya wakati. Wataweka onyo kwenye mwongozo, subiri picha, na yeye mwenyewe atamwomba Mhandisi amwonee huruma yule mama.

"Hakuna onyo lolote lililokuwepo siku ile," Chiriku alisema. "Na hahitaji huruma. Hana kosa."

"Wewe ni ndugu yake. Ukisimama pale watasema damu nzito kuliko maji, na hawatasikiliza hata neno moja. Nitapoteza vituo vitatu, na yeye atafukuzwa vilevile." Bosi aliiweka barua mezani, akaweka na kalamu juu yake. "Ukienda bila barua hii, usirudi kwenye meza hii. Nakwambia kwa uchungu."

Chiriku alijua anasema kweli, na kwamba hoja yake haikuwa ya kijinga. Aliipenda meza ile, aliupenda hata mlio wa vioo vinavyokatwa chini. Akachukua kikapu chake, akatia kompyuta ya majaribio ndani, nyaya zikining'inia kama mikia, akamwomba Bosi ampishe mlangoni.

Chumba cha kikao kilikuwa na meza ndefu iliyofunikwa kitambaa cha kijani. Upande mmoja Mhandisi Mkuu na afisa utumishi, upande wa pili Shangazi peke yake, sare imenyooka, mikono juu ya magoti. Katikati ya meza, ndani ya mfuko wa plastiki, kufuli lililovunjwa. Chiriku aliingia akihema, akaamkia, akasema anatoka kwa waliotengeneza programu. Afisa utumishi akauliza barua iko wapi. Akajibu hana barua, ana mashine.

Aliiunganisha, akaeleza kwa kifupi kwamba kuna kasoro na kwamba itajionyesha. Akamwomba Mhandisi mwenyewe abonyeze kitufe cha ripoti mara tu baada ya mlio. Mhandisi, mtu wa miwani na mwendo wa taratibu, aliinamisha kichwa, akasikia ko, akafikiri, akabonyeza. Skrini ikawaka vizuri, namba zote mahali pake.

"Tena, tafadhali," Chiriku akasema.

Ikawaka vizuri. Mara ya tatu pia ikawaka. Afisa utumishi alitazama saa yake bila kujificha. Kidole cha Mhandisi kilikuwa na heshima mno.

"Mama ajaribu," Mhandisi akasema.

Chiriku angetamani kukataa, lakini hakuwa na sababu ya kutoa. Shangazi alisimama, akasogea, mashine ikakohoa, kidole kikashuka. Buluu tupu.

"Basi mnaona wenyewe," afisa utumishi akasema, akiegemea kiti. "Mhandisi mara tatu, safi. Yeye mara moja tu, imekufa. Ni mkono wake. Haraka haraka haina baraka, mama."

Chiriku aliona jinsi alivyoileta mwenyewe hapa, kwenye kikapu, mashine ya kummalizia shangazi yake.

Shangazi hakukaa. Alimtazama Mhandisi, kisha akafanya jambo ambalo hakuna mwendeshaji mitambo aliyewahi kumfanyia mkuu wake. Alimshika kifundo cha mkono, kama anavyoshikwa mtoto anayefundishwa kuandika, akakiweka kidole chake juu ya kitufe.

"Izime, Chiriku, uiwashe. Wewe Mhandisi usifikiri. Sikiliza tu."

Ko. Shangazi aliubana mkono. Kidole cha Mhandisi Mkuu kikashuka chenyewe kwa kushtuka, na skrini ikabaki buluu.

Mhandisi alikitazama kidole chake. Akaomba warudie, akarudia peke yake, macho yamefumbwa, mpaka alipoupata mlio. Ikaganda kwa mkono wake mwenyewe bila kusaidiwa na mtu. Akavua miwani.

"Nieleze," alimwambia Chiriku. "Kwa nini?"

Chiriku alieleza yote, uzi mkubwa ndani na ufunguo, uzi mdogo mlangoni, kila mmoja anamngoja mwenzake. Aliona afisa utumishi amepotea katikati ya nyuzi, akajaribu upya kwa maneno mepesi zaidi, akampoteza zaidi. Shangazi ndiye aliyemkata.

"Mbona mnaijua hadithi hii," alisema kwa utulivu. "Nilikuomba ufunguo wa sanduku, Mhandisi. Ukaniambia nilete ripoti kwanza. Ripoti imo ndani ya mashine iliyokufa, na dawa ya mashine iliyokufa imo ndani ya sanduku. Wewe ulikaa kwako unangoja ripoti, mimi kwangu nangoja ufunguo. Nani kati yetu alikuwa na kosa? Hakuna. Lakini hospitali ingekauka. Ngoja ngoja huumiza matumbo." Akaugusa ule mfuko wa plastiki kwa ncha ya kidole. "Mimi nilikuwa na spana. Hiyo mashine yenu haina."

Hakuna aliyecheka, ingawa Chiriku alitamani. Mhandisi aliufungua mfuko, akalitoa kufuli, akalipima uzito kiganjani kwa muda. Aliposema tena alimgeukia Chiriku, na sauti yake haikuwa ya ukali.

"Huo mstari wa kungojana, nani aliuandika?"

"Mimi."

"Ulikuwa na sababu?"

Angeweza kusema ni utaratibu wa kazi, na angeaminiwa. Alimtazama Shangazi, aliyekuwa bado hajui.

"Kulikuwa na sifuri," alisema. "Zilikuwa zinatokea kwenye vipimo mashine ikiwaka. Mwendeshaji mmoja aliniambia zinamtisha. Nilitaka asiogope."

Shangazi aliketi taratibu, kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba. Mkono mmoja ukaenda mdomoni ukabaki hapo. Mhandisi aliwatazama wote wawili, akaelewa ni mwendeshaji gani, akainamia karatasi zake bila kuuliza zaidi. Akaandika kwa muda mrefu. Kisha akasoma: makosa yote mawili yamefutwa, ufunguo wa pili wa sanduku uchongwe na utundikwe chumba cha waendeshaji, na programu irekebishwe kabla ya kesho jioni, na aliyeiandika, awe kwa mwajiri wake wa sasa au la.

Nje, kwenye korido, Shangazi alimshika Chiriku sikio kama zamani, akalivuta, hakuliachia.

"Umefukuzwa?"

"Ndiyo."

"Kwa ajili ya sifuri zangu."

"Kwa ajili ya mstari wangu, Shangazi."

Shangazi akaliachia sikio, akakichukua kikapu na nyaya zake, akatangulia kushuka ngazi, na Chiriku akaona mabega yanatikisika.

Kesho yake asubuhi waliingia kituoni pamoja. Chiriku alikaa kwenye kiti cha Shangazi, akaufuta mstari ule mmoja. Sasa uzi mkubwa ungeurudisha ufunguo bila kumngoja mtu, na mdogo ungesema tayari wakati wake ukifika. Haikumchukua hata robo saa. Kisha akainuka, akampisha mwenye kiti.

Shangazi aliizima mashine, akaiwasha, akasimama wima. Ko. Akabonyeza. Chiriku alishika ukingo wa meza.

Skrini haikuganda. Ilitoa picha mara moja, na kwenye picha kila tangi la mji lilionyesha sifuri. Tangi la soko, sifuri. Tangi la shule, sifuri. La hospitali, sifuri. Shangazi hakuondoa macho. Midomo ilimcheza kidogo, lakini alisimama pale pale mpaka namba za kweli zikaanza kuingia, moja baada ya nyingine, na pampu chini ya sakafu zikanguruma.

"Bado zinanitisha," alisema, akavuta kiti akakaa. "Ziache hapo hapo."